Panya na gurudumu: kwa nini mwenye njaa hukimbia badala ya kula?

Wasikilizaji, inakuwaje mtu aliyekonda akabaki mifupa akatae chakula, na badala ya kupumzika azidi kutembea na kufanya mazoezi? Hiyo ndiyo hali ya wagonjwa wengi wa anoreksia, maradhi yaliyo miongoni mwa magonjwa ya akili yenye vifo vingi zaidi. Jamaa wengi hudhani ni ukaidi wa msichana anayetaka wembamba. Uchunguzi wa wanyama unatoa picha nyingine.

Mwaka 1967 watafiti wawili, Routtenberg na Kuznesof, waliwaweka panya katika vizimba vyenye gurudumu la kukimbilia, wakawapa chakula kwa muda mfupi tu kila siku. Panya waliolishwa kwa ratiba hiyo bila gurudumu waliizoea. Wenye gurudumu walikimbia zaidi kadiri walivyokonda, na chakula kilipoletwa wakala kidogo. Wasipoondolewa humo, panya wa namna hiyo huweza kufa.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walibadilisha chakula chenyewe. Panya waliopewa chakula chenye mafuta mengi hawakudhoofika vile, na waliokwisha kukonda walirudisha uzito. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga ina 4, kwa hiyo mlo mfupi huleta nguvu nyingi. Mafuta ya mwilini nayo hutoa homoni iitwayo leptini. Yakipungua, homoni hiyo hushuka, na ubongo wa mnyama huonekana kumhimiza aendelee kwenda, kana kwamba anatafuta malisho. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, panya wenye njaa waliopewa leptini walipunguza kukimbia.

Nchini Sweden, wataalamu wa Taasisi ya Karolinska wamechunguza aina ya panya wadogo wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi. Hao hawali vya kutosha hata chakula kikiwapo, na hufa wiki tatu hadi tano baada ya kuzaliwa. Hitilafu imeonekana katika sehemu ya ubongo inayosimamia hamu ya kula.

Ukipanda treni kutoka Södertälje kwenda Stockholm, utapita Huddinge. Huko Cecilia Bergh na Per Södersten waliwafundisha wagonjwa kula upya kwa sahani iliyowekwa juu ya mizani yenye kompyuta. Baada ya mlo mgonjwa alipumzika katika chumba chenye joto, na mazoezi yakazuiwa. Walitangaza mafanikio mwaka 2002, lakini jaribio la Uholanzi la mwaka 2012 halikuona kwamba njia hiyo inazishinda nyingine.

Mwaka huohuo kampuni ya AstraZeneca ilitangaza kufunga utafiti wake mjini Södertälje, ambako Astra ilianzishwa mwaka 1913 na ambako dawa za ubongo zilikuwa zikitafutwa. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya anoreksia.

Panya hajitazami kwenye kioo, wala haogopi unene; hawezi kueleza ugonjwa wote wa binadamu. Wala mzazi asikimbilie kumjaza mgonjwa mafuta: mwili uliofungiwa chakula kwa muda mrefu ukilishwa kwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo waweza kusimama. Kulisha huko kunahitaji daktari. Lakini mgonjwa asiyetulia asilaumiwe kwa ukaidi. Huenda njaa yenyewe ndiyo inayomkimbiza.