"Wazo vamizi" na "nia ya kujiua"

Katika fomu moja ya hospitali tuliyoletewa tuisanifishe, swali lilikuwa fupi: "Je, una mawazo ya kujiua?" Sarufi yake haina kosa. Kasoro ni kwamba swali hilo hukusanya katika fungu moja watu wawili walio mbalimbali.

Mmoja anataka kufa, na pengine amekwisha panga namna. Wa pili ana maradhi ya fikra ng'ang'anizi: hujiwa na taswira ya kujirusha darajani, akatishika, akaikwepa njia hiyo, akaficha visu, akawauliza jamaa zake mara kumi iwapo yu salama. Akijibu "ndiyo", huenda akalazwa bure na hofu yake ikazidi.

Waarabu huyaita maradhi hayo al-waswas al-qahri, yaani wasiwasi wenye kushurutisha. Neno wasiwasi tunalo, na bado hutajwa kwa arudiaye udhu wake bila kuridhika. Lakini limeenea mno, hata basi likichelewa mtu huingiwa na wasiwasi. Ndiyo maana twapendekeza wazo vamizi kwa lile lijalo bila kuitwa, ambalo mwenyewe hulichukia, na nia ya kujiua kwa azma yenyewe.

Hata hivyo, istilahi isigeuzwe cheti cha usalama. Mwenye mawazo vamizi aweza pia kukata tamaa na kutaka kufa kweli. Fomu na iulize yote mawili: "Je, wakati mwingine hujiwa na wazo la kujiua usilolitaka?" na "Je, unataka kufa, au umepanga namna?"