Miguu Mitatu ya Darubini: Nasaha kwa Jamaa Wanaotazama Mwezi

Nataka mwaka huu nijibu swali ambalo nimeulizwa na jamaa wengi zaidi kuliko jengine lolote. Kila zikaribiapo siku za kuandama mwezi wa Ramadhani au wa Idi, watu wetu hutoka Antwerp, Ghent, Liège, na wengine hata Lille na London, wakakutana Gare du Midi kwa kuwa treni zao zote hufika hapo. Kisha tukapanda pamoja mahali penye uwazi kutazama magharibi. Takriban kila nyumba ina darubini ya macho mawili shingoni mwa mtu. Na takriban kila mara nusu ya watu hurudi stesheni wakisema hawakuona kitu, na nusu ya pili wakibishana juu ya walichokiona. Sasa vijana wananiletea picha za darubini kubwa zaidi, wakitaka niwachagulie. Jawabu langu ni kwamba darubini mlizonazo zatosha. Kinachokosekana ni miguu.

Tazameni namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini yenu. Aghalabu huwa 7x50, 8x42 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mtu akisoma 10x50 hufurahi kwamba mwezi utakuzwa mara kumi, lakini husahau kwamba mtetemeko wa mkono wake nao utakuzwa mara kumi vilevile. Kitu kikubwa chenye mwanga, kama mwezi wa siku ya kumi na nne, humtambua mtu hata mkono ukitikisika. Hilali changa si hivyo. Ni uzi mwembamba ndani ya mbingu ambayo bado ina mwanga, na jicho huhitaji kutulia mahali pamoja hata lipambanue uzi ule na weupe wa mbingu. Darubini ya 15x70 au 20x80 ndiyo mbaya zaidi kwa mkono mtupu: ni nzito, ile ya 20x80 hupita kilo mbili, na sehemu ya mbingu inayoonekana ndani yake ni ndogo, kama nyuzi tatu hivi badala ya sita au saba. Mwenye kuinunua bila ya miguu amenunua mzigo.

Kwa nini mitatu? Watoto walioniuliza niliwajibu kwa mafiga. Mama akiteleka chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata ardhi ikiwa na mashimo. Lakini meza ya miguu minne huhitaji kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja. Vituo vitatu hukaa sawa popote.

Jambo la kwanza la kuangalia, kabla ya kutoa hata euro moja, ni kama darubini yenu ina tundu la parafujo. Shikeni darubini mkiielekezea mbele. Mwisho wa bawaba ya katikati, upande wa lenzi kubwa, aghalabu huwa pana kifuniko kidogo cha duara, mara nyingi kina alama ya kiwanda, na ndiyo maana watu hudhani ni pambo tu. Kizungusheni kinyume cha saa. Kikitoka na ndani mkaona tundu lenye nyuzi za parafujo, basi darubini yenu ilitengenezwa ikae juu ya miguu. Darubini za umbo la kizamani, zile pana zenye mabega, aghalabu zinalo. Ndogo za kutia mfukoni aghalabu hazina. Isiyo na tundu haitupwi: huuzwa vibao vyenye mkanda ambavyo darubini hulazwa juu yake na kufungwa.

Kwa zenye tundu, kinachotakiwa ni kipande cha kuungia chenye umbo la herufi L. Upande mmoja huingia katika bawaba, upande wa pili hukaa juu ya miguu kwa parafujo ileile ya robo inchi inayotumiwa na kamera. Chukueni cha chuma au alumini. Nimeona vya plastiki vikipinda chini ya darubini ya kilo moja, na kila ukiigusa kurekebisha macho picha huruka kama samaki. Angalieni pia kiwe kirefu cha kutosha ili vidole vipate nafasi ya kuzungusha gurudumu la katikati.

Juu ya miguu kuna kichwa, nacho ndicho chenye kuleta tofauti kubwa kuliko yote. Kuna kichwa cha tufe, ambacho ukilegeza kitasa kimoja huelekea kila upande. Wapiga picha hukipenda. Mimi kwa kazi hii sikipendi, kwani ukilegeza darubini huanguka ubavu, na ukikaza imekwisha kuhama. Kichwa kinachotufaa ni kile chenye mkono mrefu, kinachokwenda kushoto na kulia kwa kitasa kimoja, na juu na chini kwa kitasa kingine. Hilali hutafutwa kwa kupita polepole juu ya upeo wa macho, sawasawa na mtu anayesoma mstari: unafika mwisho, unapanda kidogo, unarudi. Kichwa cha aina hiyo hukuwezesha kukaza kimoja na kuacha kingine huru.

Wenye kutazama nyota zilizo utosini hulalamika juu ya miguu mitatu, na wana haki, maana shingo huumia na kichwa hugonga nguzo. Sisi hatuna shida hiyo. Mwezi mwandamo huwa chini, karibu na pale jua lilipotua, na kwa kutazama chini kama huko miguu ya kawaida ya kamera yafaa kabisa.

Sasa mahali pa kununua. Soko la Jumapili la Gare du Midi mnalijua wenyewe. Ni la zaituni, nanaa, nguo na miche ya maua, wala simshauri mtu kutafuta vyombo vya kutazamia pale. Lakini mkitoka stesheni mkaenda kwa miguu kuelekea mtaa wa Marolles, mtafika Place du Jeu de Balle, ambako vitu vikuukuu huuzwa kila siku asubuhi. Miguu ya kamera ya zamani, mizito ya chuma, hupatikana huko, na uzito ambao mpiga picha aliuchoka ndio tunaoutaka sisi. Ifungueni yote, mkandamize juu kwa kiganja. Ikipiga magoti, iacheni. Kisha ulizeni kibati. Vichwa vingi vina kibati kidogo kinachofunguka, ambacho ndicho hubeba parafujo, na muuzaji mara nyingi hana habari kwamba kimepotea. Kila kiwanda kina kibati chake. Miguu mizuri isiyo na kibati itawatia katika gharama za kutafuta kisichopatikana.

Mkiisimamisha, msiinue nguzo ya katikati kwa ajili ya kupata urefu. Ongezeni miguu yenyewe. Nguzo iliyoinuliwa ni mguu mmoja juu ya mitatu, na upepo huichezea. Tundikeni kitu kizito chini yake. Siku moja tulitundika mfuko wa machungwa uliotoka sokoni na ukafanya kazi vizuri, ingawa watoto waliupunguza uzito kila baada ya dakika.

Pale stesheni penyewe hapatazamiki. Majumba yameziba, na mnara wa Tour du Midi uliomalizwa mwaka 1967 una urefu wa karibu mita 150. Jina la Midi lenyewe ni somo kwa watoto: Kifaransa hutumia neno moja kwa adhuhuri na kwa kusini, kwa sababu katika nchi hizi jua la adhuhuri daima huwa kusini, wakati Unguja miezi mingine huwa kaskazini yetu. Ndiyo maana hilali ya hapa nayo haikai kama ya kwetu. Kwetu hulala kama mtumbwi. Hapa husimama kama mundu. Mwenye kutafuta mtumbwi atapita juu ya mundu asiuone. Sisi huchukua metro hadi Louise, kisha Place Poelaert, mbele ya Jumba la Mahakama, ambapo magharibi yote ya mji iko wazi chini ya macho. Machipuko ndiyo msimu mwema. Mwezi wa Septemba na Oktoba hilali hutambaa chini mno kuelekea kusini-magharibi, na mapaa huificha.

Lakini hakuna miguu itakayomwonyesha mtu kisichoonekana. Jumamosi tarehe 29 Machi 2025 jua lilipatwa kwa sehemu hapa Brussels mchana, na mwezi mpya ulizaliwa karibu na saa sita. Jua lilipotua mwezi ule ulikuwa na umri wa saa kama saba tu. Mnajimu wa Kifaransa André Danjon alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi kama saba, hilali haijifanyi kabisa. Jioni ya pili umri ulikuwa kama saa 31, jambo jingine kabisa. Saudia ilisali Idi tarehe 30, Omani tarehe 31, na simu baina ya jamaa zilikuwa nyingi na si zote za upole. Siingii katika hukumu, ina wenyewe. Wako wanazuoni wanaokubali chombo na wako wanaotaka jicho tupu. Hata huyo wa jicho tupu miguu humfaa: mmoja huipata hilali, hukaza vitasa, na mwenziwe husimama nyuma ya darubini, akafuata inakoelekea, akatazama kwa jicho lake.

Hilo la kukaza vitasa ndilo lililonifanya niandike. Tunaye bibi yetu mmoja, amepita miaka themanini, mikono humtetemeka. Kila mwaka alikuwa akipewa darubini kwa heshima, akiishika kidogo, akisema, “Alhamdulillahi, nimeona,” akairudisha. Tuliposimamisha miguu kwa mara ya kwanza tuliiteremsha kimo cha kiti chake, mjukuu akaupata mwezi, akakaza. Bibi alisogeza uso bila ya kugusa kitu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Ndiyo huu uliosimama wima? Basi miaka yote hii sikuuona.”

Kwa hiyo wapangeni watu hivi: wazee kwanza, kwa kimo cha kiti, kisha watoto, ambao kimo hicho huwatosha, wakubwa wainame. Kila baada ya dakika mbili tatu mtu mmoja airudishe darubini mahali pake, kwani mwezi hauachi kushuka. Na darubini isifunuliwe lenzi mpaka jua limekwisha zama lote, hata ukingo wake usibaki. Jua ndani ya darubini hupofusha jicho kwa mara moja, na mtoto hatangoja aambiwe. Tumempa mtu mmoja mzima kazi ya kushika vifuniko mkononi, na hatoi mpaka aseme mwenyewe kwamba limetua.