Ufuatiliaji wa obiti ya 99942 Apophis

Ufuatiliaji wa obiti ya 99942 Apophis ni kazi ya kupima mahali pa asteroidi hiyo angani na kukokotoa njia yake ya kulizunguka Jua. Apophis ina kipenyo cha takriban mita 340, na obiti yake hupita karibu sana na obiti ya Dunia. Mnamo Desemba 2004 ilikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga Dunia tarehe 13 Aprili 2029. Vipimo vilivyofuata viliondoa hatari hiyo, na leo inajulikana kwamba haitaigonga Dunia kwa muda wa miaka 100 hivi ijayo. Historia yake inaonyesha jinsi uwezekano wa kugongwa unavyoweza kupanda na kisha kutoweka bila hesabu kuwa na kosa.

Kugunduliwa na jina

Asteroidi hii iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 na wanaastronomia Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi kwenye kituo cha Kitt Peak huko Arizona, Marekani. Walifaulu kuipima kwa usiku mbili tu, kisha haikuonekana tena kwa miezi kadhaa. Sehemu kubwa ya obiti yake iko ndani ya obiti ya Dunia, kwa hiyo mara nyingi huwa upande wa Jua, ambako mwanga wa mchana au wa machweo huificha. Pia ni hafifu mno kuonekana kwa macho matupu inapokuwa mbali.

Jina lake la muda lilikuwa 2004 MN4. Herufi M humaanisha nusu ya pili ya mwezi Juni. N pamoja na tarakimu 4 huonyesha kwamba ilikuwa gimba la 113 kuandikishwa katika nusu mwezi huo. Mwaka 2005, obiti yake ilipojulikana vema, ilipewa namba 99942 na jina Apophis. Hilo ni jina la Kigiriki la Apep, nyoka wa giza katika dini ya Misri ya Kale, adui wa mungu jua Ra.

Kupima mahali angani

Katika darubini asteroidi hafifu huonekana kama nukta tu, sawa na nyota. Ili kuitambua, wanaastronomia hupiga picha kadhaa za eneo lilelile la anga, zikiachana kwa dakika chache. Nyota hubaki mahali pake, lakini asteroidi husogea. Mahali pake hupimwa kwa kulinganisha na nyota za jirani ambazo mahali pao panajulikana tayari. Orodha sahihi zaidi ya nyota hizo inatokana na satelaiti ya Gaia ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2013.

Kila kipimo hutoa namba mbili zinazofanana na longitudo na latitudo, pamoja na saa ya picha. Picha haionyeshi asteroidi iko umbali gani. Kosa dogo la pembe pia huwa kubwa kwa kilomita: kosa la sehemu moja ya 3,600 ya digrii, kwa gimba lililo mbali nasi sawa na Jua, ni zaidi ya kilomita 700.

Vipimo kutoka nchi mbalimbali hukusanywa na kituo cha kimataifa cha sayari ndogo kilichopo Cambridge, Massachusetts. Hapo data zote zinapatikana kwa umma, na vikundi vya Marekani na Ulaya hukokotoa hatari kila kimoja kwa njia yake, kisha hulinganisha matokeo.

Kutoka picha hadi obiti

Obiti ya duaradufu kulizunguka Jua huelezwa kwa namba sita: ukubwa wake, kiasi ilivyorefuka, namba tatu za mwelekeo wake, na mahali pa gimba kwenye obiti kwa wakati fulani. Kwa kuwa kila kipimo kina namba mbili, vipimo vitatu vinaweza kutosha kwa makadirio ya kwanza. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alitumia mbinu ya aina hii mwaka 1801. Mwaka huo Giuseppe Piazzi alikuwa ameigundua Ceres huko Palermo, kisha ikapotea nyuma ya mwanga wa Jua. Ilipatikana tena mwishoni mwa mwaka karibu na mahali Gauss alipokokotoa.

Vipimo vya siku chache tu huacha obiti nyingi zinazowezekana. Zote zinalingana na picha zilizopo, lakini kadiri miaka inavyopita zinatawanyika. Hivyo mahali pa asteroidi miaka 25 baadaye si nukta moja bali ni ukanda mrefu na mwembamba. Uwezekano wa kugonga ni sehemu ya ukanda huo inayofunikwa na Dunia.

Desemba 2004

Tarehe 18 Desemba 2004 Gordon Garradd aliiona tena asteroidi hiyo kutoka Siding Spring nchini Australia. Sasa kulikuwa na vipimo vya miezi sita, na ukokotoaji ukaonyesha kwamba Dunia iko ndani ya ukanda wa mwaka 2029. Tarehe 23 Desemba uwezekano ulitangazwa kuwa 1 kati ya 300. Siku iliyofuata ulikuwa 1 kati ya 62, na tarehe 27 Desemba ulifikia 1 kati ya 37. Asteroidi iliwekwa ngazi ya 4 kwenye kipimo cha Torino, ambacho huanza 0 na kuishia 10. Hakuna gimba lingine lililowahi kufikia ngazi hiyo. Habari hizo hazikuvuma sana, kwa kuwa tarehe 26 Desemba tsunami ya Bahari Hindi iliua watu wengi kutoka Indonesia hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Kupanda kwa namba kulitokana na ukanda kufupika. Mfano wake ni ufunguo uliopotea, ambao huenda uko chumbani mwako au katika vyumba vingine tisa. Kila chumba kinachopekuliwa bila kuuona huongeza uwezekano kwamba uko chumbani mwako. Hata hivyo, ukipatikana katika chumba cha tisa, uwezekano huo huwa sifuri mara moja. Vivyo hivyo, kila kipimo kipya kilikata sehemu ya ukanda, na kwa muda Dunia ilibaki katika sehemu iliyosalia.

Jibu lilitoka katika picha za zamani. Wanaastronomia wa mradi wa Spacewatch walipekua picha zao za tarehe 15 Machi 2004, miezi mitatu kabla ya ugunduzi, na wakaikuta nukta hafifu ya asteroidi hiyo. Kipimo hicho kimoja kilirefusha muda wa vipimo kiasi kwamba ukanda uliobaki haukuigusa tena Dunia. Hatari ya mwaka 2029 iliondolewa tarehe 27 Desemba, siku ileile ilipofikia kilele.

Tundu la ufunguo

Tatizo la pili lilibaki. Ikipita karibu hivyo, asteroidi itavutwa na graviti ya Dunia na obiti yake itabadilika. Iwapo ingepita katika eneo fulani jembamba angani, lenye upana wa mita 600 hivi, ingerudi na kuigonga Dunia mwaka 2036. Eneo kama hilo huitwa "tundu la ufunguo".

Kwa hiyo ilihitajika kujua njia yake kwa usahihi zaidi. Rada ilisaidia, kwa sababu hupima umbali na kasi, mambo mawili ambayo picha haionyeshi. Apophis ilipimwa kwa rada ya Arecibo huko Puerto Rico mwaka 2005, na mwaka 2013 hatari ya 2036 iliondolewa.

Kulikuwa pia na athari ya joto la Jua. Uso wa asteroidi hupata joto mchana na kulitoa baadaye inapozunguka, na kutoka kwa joto hilo huisukuma kidogo sana. Athari hiyo inaitwa kwa jina la mhandisi Ivan Yarkovsky. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba obiti ya Apophis inasogea kwa takriban mita 170 kila mwaka, hivyo mwaka 2068 haukuweza kupuuzwa. Mnamo Machi 2021 antena za Goldstone na Green Bank ziliipima ikiwa umbali wa kilomita milioni 17, kwa usahihi wa mita 150 hivi. Matokeo yaliondoa hatari hiyo pia.

Mwaka 2029

Tarehe 13 Aprili 2029 Apophis itapita takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya satelaiti za mawasiliano zilizopo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Itaonekana kwa macho matupu kama nyota ya wastani inayosogea, kwa watu wa Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi palipo na anga safi. Itavuka juu ya Bahari Hindi na Afrika ikielekea magharibi. Itakapokuwa karibu zaidi, juu ya Atlantiki, Afrika Mashariki itakuwa tayari tarehe 14 Aprili, saa 6:46 usiku.

Baada ya hapo mwaka wa Apophis, ambao sasa ni takriban siku 324, utarefuka na kuzidi siku 420. Chombo cha NASA kilicholeta sampuli za asteroidi Bennu mwaka 2023 kimepewa jina OSIRIS-APEX na kuelekezwa kwenda kuichunguza.