Gari la Kijana na Mchi wa Mamake

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kila nilipoisikia ilikuwa ikitajwa juu ya malezi ya watoto. Sikudhani hata siku moja kwamba ningekuja kuielewa vizuri nikiwa nimepiga magoti uani kwangu, mtaani Buruburu, Nairobi, nikikunja bati la motokaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2019 kifungua mimba wangu alijinunulia Subaru Impreza iliyokwisha kutumika Japani. Kama vijana wengi wa siku hizi, hakuridhika nayo jinsi ilivyotoka kiwandani. Aliondoa rimu zake akatia nyingine pana zinazometameta, akazivika matairi mapana, kisha akaenda kwa fundi akakatiwa springi ili gari lishuke chini. Lilipoingia mtaani majirani walitoka nje kulitazama. Mimi nilitikisa kichwa. Sisi wa rika langu tulikua tukizistahi motokaa zilizoinuka, kama ile Peugeot 404 iliyoshinda mbio za Safari mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968. Barabara zilikuwa za mashimo na matope, na gari lililolalia tumbo halikufika mbali. Lakini kijana wa leo huliona gari lake kama vazi. Ni sharti limkae vyema, na wenzake walione.

HARUFU YA MPIRA

Mwezi wa Juni tulifunga safari kwenda Nakuru kuhudhuria arusi. Tulikuwa watu watano garini, na mizigo nyuma. Kila tulipovuka tuta nilisikia mkwaruzo upande wa nyuma, mithili ya panya anayeguguna sanduku. Nilipouliza, kijana aliongeza sauti ya redio. Tulipoipita Naivasha harufu ya mpira unaoungua ilianza kutujia, na kabla ya kufika Gilgil nilimwamuru asimame.

Nilichokiona sitakisahau. Bega la nje la tairi la nyuma lilikuwa limechanjwa mzunguko mzima, kana kwamba mtu amelipitishia kisu, na nyuzi za ndani zilikuwa zimeanza kuchungulia. Mama watoto aliweka mkono kinywani, asiseme neno. Sote tulijua kwamba lau tairi lile lingepasuka tukiwa katika mwendo, huenda arusi ingegeuka matanga. Tulitia tairi la akiba tukaenda polepole hadi Nakuru, na lile lililochanjwa halikurudi barabarani tena, kwani tairi lililoonyesha nyuzi halina dawa.

Jioni ile nilimwambia mwanangu maneno makali: ama auze rimu zile, ama asilete gari lake uani kwangu. Alinyamaza. Kwa muda wa majuma mawili hatukuwa na mazungumzo ila salamu za asubuhi.

Kisha usiku mmoja alinijia na kalamu na karatasi. “Baba,” akasema, “nimepiga hesabu. Nataka uione.”

HESABU YA KIDOLE GUMBA

Matairi ya kwanza yalikuwa 205/55R16, na haya mapya 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipimo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu utaona kwamba kimo cha gurudumu zima kiliongezeka milimita 2 tu au 3. Kwa hivyo kosa halikuwa la kimo. Kosa lilikuwa la upana, ambao uliongezeka milimita 10 kila upande.

Hali kadhalika, rimu huwa na namba inayoonyesha umbali kutoka katikati yake hadi pale inapokaza kwenye habu. Za zamani zilikuwa na namba 48, na hizi mpya 35. Kadiri namba hiyo inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Hapo pana milimita 13 nyingine. Jumlisha: tairi lilikuwa limesogea nje milimita 23, yaani kama upana wa kidole gumba. Ongeza springi zilizokatwa na watu watano, na ukingo wa ndani wa madigadi, ule uliokunjwa kuelekea ndani, ukawa kisu juu ya tairi.

Ukingo huo ndio aliotaka tuukunje juu, ulale bapa nyuma ya bati, ili tairi lipate nafasi.

MCHI WA KUTWANGIA

Tulianza asubuhi moja ya Julai, na kila mkazi wa Nairobi anaijua baridi ya mwezi huo. Kijana alikuwa amewaona wenzake wakitumia rungu. Sisi hatukuwa na rungu, basi tukauchukua mchi wa mamake. Tuliuingiza kati ya tairi na ukingo. Yeye akaushika, mimi nikalisukuma gari polepole mbele na nyuma ili mchi ubingirike na kuusukuma ukingo juu. Hazikupita dakika tano tukasikia “kaa!” Rangi ilikuwa imepasuka, na bati la nje limefanya mbonyeo.

“Mnatwanga nini huko nje?” mama watoto aliuliza. Alipokuja kutazama, kwanza aliudai mchi wake. Kisha akagusa lile bati baridi akasema, “Hata chapati iliyopoa ukiikunja hukatika.”

Niamini nikuambiapo kwamba hayo ndiyo maneno aliyokuja kutueleza fundi mmoja mzee katika barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengine bado huiita Grogan. Alitukodishia chombo chake: mkono wa chuma unaofungwa kwenye habu mahali pa gurudumu, wenye roli ya plastiki ngumu mwishoni. “Mzee,” akaniambia, “bati halikunjwi kwa hasira. Lipashe moto, kunja kidogo, zunguka tena.”

Tukarudi nyumbani tukafanya kama alivyosema. Tuliinua gari kwa jeki, kisha tukaliegemeza juu ya stendi za chuma, kwani jeki si kitu cha kumwekea mtu uhai wake. Tulisugua tope na mchanga wote ukingoni. Tukaipasha rangi kwa mashine ya kupuliza hewa moto, tukiipitisha huku na huku bila kuituliza mahali pamoja, hadi bati likawa na joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia, lakini rangi isifure. Upande wa mlango wa petroli tulijihadhari zaidi, kwani bomba la tangi hupita papo hapo. Kila tulipozungusha roli tuliongeza pembe kidogo tu. Upande mmoja ulituchukua karibu saa mbili.

Jambo jingine alilotuonya fundi ni kutoukata ukingo kwa msumeno, kama wafanyavyo wenye haraka. Nyuma, mabati mawili huwa yameunganishwa papo hapo. Ukiyakata umeyaachanisha, na kutu itaingia hadi ndani. Hata baada ya kukunja, ilitubidi kupaka rangi ya kuzuia kutu kila mahali palipokuwa pamechubuka.

TULIPOKUTANA

Tulipomaliza tulirudisha magurudumu, tukakaza nati, tukawaita vijana wanne wa jirani wakae nyuma. Mkwaruzo ulikuwa umepungua, lakini haukuisha. Nilimtazama mwanangu, naye akanitazama. Nilikuwa na la kusema, lakini nilikumbuka bati na baridi ya Julai, nikanyamaza.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. “Ni springi, Baba. Nitanunua nzima.” Na kweli, mwisho wa mwezi alizitupa zile zilizokatwa, ambazo isitoshe zingeweza hata kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia shimoni. Gari likainuka. Rimu zake pana akabaki nazo, na mimi sikuzitaja tena.

Mwezi wa Agosti tulikwenda Nakuru mara ya pili, watu watano na mizigo yetu. Tulivuka matuta yote ya njiani, na sikusikia panya wala kunusa mpira. Redio ilikuwa imezimwa, tukawa tunazungumza.

Mbonyeo ule wa mchi bado upo kwenye bati hadi leo. Kijana anataka kuunyoosha. Mimi nimemwomba auache. Mchi nao umerudi jikoni, ila mwenyewe haruhusu tena utoke nje bila kuulizwa unakwenda kutwanga nini.