Umeme Nyumbani (5): Masango ya Rumanyika na balbu ya Nkwenda

Tangu habari za njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka zifike vijiweni, Kayanga na Nkwenda naulizwa swali moja: je, balbu zitaacha kufifia jioni? Mkoa wetu umeishi miaka mingi kwa umeme wa kuvushwa kutoka Uganda, kwa hiyo hamu hiyo naielewa. Lakini nivumilieni kwanza nizungumzie masango.

Masango ni zile nyaya nene za shaba zilizoletwa bara na wapagazi. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, Mukama wa Karagwe, mwaka 1861, walikuwa na nyaya mizigoni, na Waarabu wa kituo cha Kafuro, karibu na Bweranyange, walifanya biashara ya nyaya hizo hizo. Wahunzi wa bara waliuvuta waya ukawa mwembamba kama uzi, wakautengenezea vikuku. Kwa hiyo Karagwe iliujua waya, tena iliujua kwa unene wake, miaka mingi kabla ya balbu ya kwanza kuwaka.

Georg Ohm, yule mwanafizikia wa makala iliyopita, naye alikuwa mtoto wa fundi makufuli. Alipima nyaya ndefu na fupi, mwaka 1827 akatoa kitabu, na Wajerumani wenzake wakakipuuza. Waingereza ndio waliompa nishani, mwaka 1841. Mimi huamini kwamba wahunzi waliofua ng'ombe wa chuma wa ikulu ya Bweranyange wangemwelewa siku ile ile. Waya ukirefuka, ukinzani wake (yaani unavyouzuia mkondo) unaongezeka; ukinenepa, unapungua.

Sasa balbu. Jioni moja Nkwenda nilikaa kwenye mgahawa unaovuta umeme kwa mwenye nyumba, kama mita 100 nyuma ya migomba. Mama akawasha birika la chai, na balbu ya uzi juu ya meza ikageuka rangi ya kiini cha yai.

"Mwalimu, umeme umeishiwa nguvu tena," akasema.

Nilizunguka nyuma. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, umelazwa chini kama kamba ya mbuzi. Kwenda na kurudi ni mita 200, ukinzani wake ni kama omu 2.4. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 8, kwa hiyo volti 19 zinapotea njiani zikiupasha waya joto, na kati ya 230 balbu inabakiwa na 211. Ni upungufu wa asilimia 8 tu, lakini mwanga unapungua kwa takriban robo! Volti zikishuka mkondo nao unashuka, kwa hiyo nguvu inapungua kwa sababu zote mbili. Tena uzi wa tangisteni uliopoa hutoa wekundu mwingi na nuru kidogo. (Balbu nyingi za LED huficha kasoro hii. Waya unaendelea kupata moto.)

Fundi aliyeufunga waya ule aliokoa fedha ya siku moja, na mwenye mgahawa anailipa kila mwezi kwenye Luku. Ubahili wa namna hii nimeuona hadi Murongo.

Njia ya Benaco itatusaidia, lakini haifiki nyuma ya migomba. Mwite fundi mwenye leseni apime volti kwenye mita, kisha kwenye balbu, birika likiwa linachemka. Tofauti atakayoikuta ni ya waya wako.