Injini Inayogonga na Kunyamaza (2): Tenshena ya Cheni

Wiki iliyopita tuliiacha gari iliyogonga asubuhi, ikanyamaza mbele ya fundi, kisha ikagonga tena njiani kurudi nyumbani. Kwa nini mlio huo huja na kupotea? Jibu liko kwenye oili. Mfano wangu leo ni injini ya Toyota 1ZZ-FE, yenye ujazo wa sisi 1,794, ile tunayoikuta kwenye Wish, Premio na Allion za 1.8.

Injini hii haina mkanda wa taimingi; kamshafti zake mbili huzungushwa na cheni. Upande mmoja wa cheni huvutwa na krankishafti, kwa hiyo umekaza muda wote. Upande wa pili hulegea, na huko ndiko iliko tenshena: pini nene ya chuma inayosukumwa na springi pamoja na presha ya oili, ikiibana pedi ndefu iliyopinda ambayo cheni hutelezea juu yake. Pini ina meno, na kikulabu huizuia isirudi nyuma. Kadiri cheni inavyochakaa na kurefuka, pini husogea mbele jino kwa jino.

Tatizo huzaliwa kati ya jino na jino. Cheni imeshalegea, lakini bado haijafikia kiasi cha jino linalofuata kushika. Nafasi hiyo huzibwa na oili peke yake. Presha ikiwepo, injini imetulia. Presha ikishuka, pini hurudi nyuma kidogo na cheni huanza kupigapiga. Ndiyo maana mlio husikika mara unapowasha asubuhi, au kwenye foleni wakati oili imepata moto ikawa nyepesi, na ukikanyaga mafuta hupotea.

Kwenye 1ZZ-FE kuna jambo jingine, nalo limewaumiza wengi. Injini za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili: matundu ya kwenye pistoni yanayoirudisha oili chini ni madogo, huziba, na ringi hukwama. Oili huisha bila tone kuonekana sakafuni. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, chomoa kijiti cha kupimia oili. Nasikitika kila ninaposikia mtu ameuziwa cheni nzima wakati injini ilipungukiwa lita moja tu. Filta nayo iangaliwe. Isiyo na mpira unaozuia oili kurudi chini huiacha tenshena kavu usiku kucha.

Oili ikiwa sawa na mlio ungalipo, chukua bisibisi ndefu, ncha iguse kava la cheni, mpini uweke sikioni, ukijihadhari na feni na mkanda. Cheni hukwaruza na kutatarika juu, ubavuni mwa injini. Beringi ya konrodi hugonga kwa sauti nzito chini, na huzidi gari ikibeba mzigo. Ukichomoa koili ya silinda moja kwa sekunde chache na mlio ukapungua, shaka inaelekea kwenye konrodi ya silinda hiyo. Mlio wa cheni haubadiliki sana.

Habari njema ni kwamba tenshena ya injini hii imefungwa kwa nje, kwa nati mbili, na hutoka bila kufungua kava. Ikishatoka, krankishafti isizungushwe hata kidogo. Tenshena mpya huwekwa pini ikiwa imerudishwa ndani na kushikwa na ndoano yake, ikiwa na oringi mpya, na nati hukazwa kwa nguvu ya Nm 9 tu. Kisha krankishafti huzungushwa kidogo kinyume cha saa ili ndoano iachie, halafu kwa mwelekeo wa saa hadi pini iisukume pedi. Fundi akiisahau ndoano, utawasha injini yenye cheni iliyolegea kabisa.

Acha gari ilale, usikilize asubuhi. Ikitatarika bado, au kompyuta ya gari ikatoa msimbo wa hitilafu P0016, cheni yenyewe huenda imerefuka, na hapo kava lazima lifunguliwe. Kazi hiyo ni ya wiki ijayo.