Vichwa Vipo, Chungu Kiko Wapi?

Kuna majengo yanayosomeka mithili ya kitabu. Mojawapo ni Tea Hotel mjini Kericho, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Wengi huivutiwa kwa bustani yake inayoelekea mashamba ya chai. Mimi nilivutiwa zaidi na kumbi zake: pana, ndefu, zenye vichwa vya wanyama wa porini vilivyotundikwa ukutani. Aketiye humo na kinywaji chake hutazamwa na macho yasiyopepesa, naye hana budi kujiuliza: mapambo haya yalikusudiwa kumfurahisha nani?

Jibu halihitaji utafiti. Yalimfurahisha mwenye shamba na wageni wake. Katika enzi hiyo, mahali pa Wazungu pa kujiburudishia nchini Kenya aghalabu Mwafrika alipaingia akiwa amebeba sinia.

Na si kwamba wenyeji hawakuwa na baraza lao. Wazee wa Kipsigis walikizunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, huku mambo ya ng'ombe, ndoa na mashauri yakizungumzwa. Ardhi iliyobeba mabaraza hayo ndiyo iliyotwaliwa. Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920. Na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamishia watu wa ukoo wa Talai huko Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Katika kumbi zile nilivitazama vichwa vya wanyama. Chungu wala mrija sikuviona.

Nikiwa mwanaisimu, nakiri kuwa Kiswahili kimetenda haki ambayo kuta hazijatenda. Kwa masetla, klabu ilikuwa ngome ya wateule, kama Muthaiga Club ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1913. Neno hilo lilipoingia kinywani mwetu likawa kilabu: kibanda cha pombe ya kienyeji, ambamo yeyote mwenye senti chache huketi. Hoteli nayo ikawa banda la mabati kando ya barabara ya Bomet, ambapo mchuma chai hunywa kikombe cha chai kwa mandazi. Watu wa kawaida hawakungoja kufunguliwa mlango. Walilichukua neno wakajijengea nyumba yao.

Hata hivyo, neno pekee halitoshi. Mwanafunzi akipelekwa kuona jengo la kale akaambiwa tu kwamba ni zuri, atarudi amejifunza kustaajabu, hakujifunza kusoma. Wapo wanaosema majengo ya namna hii yabomolewe. Siafikiani nao, kwani ushahidi ukibomolewa, kesi hufa. Wala siwaafiki wanaoyatunza kana kwamba historia ilianza siku fundi alipoweka jiwe la msingi.

Mwalimu mwenzangu, wapeleke wanafunzi wako katika majengo hayo. Waache wahesabu vilivyomo, kisha uwaulize ni nini hakimo, na kwa nini. Halafu wawaendee wazee wa Kericho na Bomet, wangali hai, wakaandike majina ya chungu, ya mrija, na ya vilima ambavyo leo hujulikana kwa nambari za mashamba. Ukuta haukuyahifadhi majina hayo. Tusipoyaandika sisi, vichwa vile havitatusimulia.